Tatu Iliyosomwa Nane

Miaka sita baada ya kuzichora herufi zake, Wavinya Kaloki alikuwa amefika mahali hataki kuziona tena. Lakini utazikwepa vipi ukiwa unaishi Sultan Hamud, na zenyewe zimekaa kwenye kila ukuta? Akifungua duka lake la kuchapisha asubuhi, kitu cha kwanza kumtazama ni bucha la ng'ambo ya barabara, NYAMA TAMU, kwa herufi nene zilizovimba kama mandazi. Akigeuka, ni kinyozi. Akienda kanisani, ni bango la mkutano wa akina mama. Akienda mazishini, na mwaka huo alikuwa ameenda mazishi mengi, anapewa karatasi ya ratiba na jina la marehemu limeandikwa kwa herufi zilezile. Watu wachache walijua ni kazi yake, na hata hao hawakuona kama ni jambo la kuongelewa. Herufi ni herufi tu.

Zilikuwa zimeanzia kwa baba yake. Jonah Kaloki alikuwa fundi wa kuandika kuta. Kwa miaka thelathini alitembea Barabara ya Mombasa na ngazi yake, brashi zake na makopo ya rangi, kutoka Sultan Hamud mpaka Mtito Andei, akiandika maduka, gereji, hoteli na lojing'i. Herufi zake hazikuwa na vijiguu wala mikia kama zile za gazeti. Zilikuwa nene, butu, zimeviringwa kila pembe. Watu walidhani ni mapambo. Ukweli ni kwamba plasta ya maduka ya barabara ile ni ya kokoto, na pembe kali ndiyo ya kwanza kubanduka jua likiipiga, kwa hivyo mzee aliamua kutochora pembe kabisa. Na unene ulikuwa kwa ajili ya madereva wa malori, ambao lazima wasome HOTELI kabla hawajaipita.

Halafu yakaja mabango ya plastiki, yale ya kutolewa na mashine kwa saa moja. Na pale Sultan Hamud, aliyekuwa akiyatoa ni Wavinya mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu. Baba yake ndiye aliyemwambia aichukue hiyo kazi, kwamba mashine haichoki mgongo. Lakini simu ya mzee ilianza kunyamaza, kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, na mwishowe akafunga brashi zake kwenye gunia akarudi nyumbani Matinyani, kwa shamba lake na mbuzi wachache.

Ndipo Wavinya alipotoka na simu yake kupiga picha kila ukuta aliokumbuka, kabla mwenye duka hajaupaka rangi upya. Alikaa na hizo picha mwaka mzima na zaidi, kila jioni baada ya kufunga duka, akichora kwenye kompyuta herufi moja moja. S peke yake ilimla miezi mitatu. Akaongeza ĩ na ũ za Kikamba, ambazo herufi nene nyingi hazina, au zikiwa nazo lile wimbi dogo la juu linaganda kichwani kama nzi aliyepondwa. Akachora nambari. Alipomaliza akaziita Kaloki Nene, akaziweka kwenye mtandao bure, yeyote achukue. Alifikiri amemlipa baba yake kitu fulani. Aliposikia baadaye kwamba zimeonekana kwenye magunia ya unga, kwenye vitabu vya nyimbo vya wazee wenye macho mabaya, kwenye mabango ya wanasiasa na ya kamari, hakufurahi wala hakukasirika. Alikuwa na kazi nyingi na usingizi kidogo.

Nthiwa alikuja Jumanne moja ya mwezi wa nane, vumbi likiwa limefunika kila kitu. Alikuwa mhudumu wa zahanati moja ndogo upande wa Mtito Andei, mtu mrefu, mpole, ambaye watu wote kule walimwita daktari ingawa yeye mwenyewe aliwakataza. Wavinya alikuwa amewahi kumchapishia mafomu. Hakuja na fomu safari hii. Alingoja mteja aliyekuwepo atoke, akavuta kiti cha plastiki, akaweka juu ya meza kadi moja iliyokunjika.

"Nimeambiwa hizi herufi ni zako," akasema.

Wavinya akakubali.

"Basi nisomee hapo. Usiharakishe."

Ilikuwa kadi ya mgonjwa wa sukari. Juu kulikuwa na jina, Mbinya Nyamai. Chini yake, kwenye stika ndogo ya karatasi nyeupe: INSULINI. ASUBUHI 20. JIONI 13. Wavinya akasoma hivyo, kumi na tatu. Nthiwa akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetegemea hilo jibu na hakulipenda.

Kisha akamweleza. Mradi mmoja wa afya ulikuwa umeipa zahanati yake printa ndogo ya stika, ili wagonjwa wazee wasisumbuke tena na mwandiko wa daktari. Yeye anaandika dawa kwenye kompyuta, mashine inatoa stika, stika inabandikwa kwenye kadi. Waliotengeneza programu hiyo walichagua herufi nene na za mviringo kwa sababu ya wazee. Mama Mbinya, mjane wa miaka sitini na saba, macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hivyo aliyekuwa akimsomea kadi na kumdunga sindano ni mke wa mwanawe mdogo, msichana wa kutoka Murang'a anayeitwa Waithera. Mume wake Waithera anafanya kazi Mombasa, anakuja mwisho wa mwezi. Siku stika mpya ilipobandikwa, Waithera aliisoma jikoni jua likizama, akaona kumi na nane. Akadunga kumi na nane. Siku nne. Alfajiri ya siku ya tano mama mkwe aliamka kwenda nje, sukari imeshuka, akaanguka kwenye ngazi ya mlango na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia. Walimkuta hajitambui. Uji wa sukari na maombi ndivyo vilivyomfikisha hospitali.

Alipona. Lakini mwanawe mkubwa, Musyimi, aliitazama ile kadi mchana kweupe, akaona kumi na tatu wazi kabisa. Kila aliyeonyeshwa aliona kumi na tatu. Na kwa vile Waithera alishikilia kwamba yeye aliona kumi na nane, maneno yakaanza. Kwamba alitaka kumuua mama. Kwamba anataka lile shamba lililo karibu na lami. Kwamba ni mtu wa kwingine, hana uchungu na mama wa wenyewe. Alikuwa amefukuzwa wiki mbili zilizopita, sasa anakaa kwa kaka yake Irungu, mwenye duka la vipuri pale Mtito Andei. Jumamosi familia ingekaa kikao na pasta, na huenda wangeipeleka kesi polisi.

"Mimi niliandika kumi na tatu," Nthiwa akasema. "Nimeulizwa, nikasema hivyo, na nikiwa nasema nilimwona huyo msichana akikata tamaa. Tangu hapo sijalala vizuri. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mtu mzuri, asiye na nia mbaya, anaweza kuona nane hapo?"

Wavinya alitaka kusema hapana. Aliona jinsi hapana ilivyo rahisi. Akachukua kadi, akaenda nayo mpaka nyuma ya duka, kwenye kona isiyo na dirisha anakoweka karatasi, akainyoosha mbali na uso kwa urefu wa mkono. Akakodoa macho, kisha akayalegeza. Wino wa ile mashine hutolewa kwa moto, na kwenye herufi ndogo ulikuwa umetanuka. Midomo miwili ya ile tatu ilikuwa imejikunja ndani mpaka ikakaribia kugusa kiuno chake. Nafasi iliyobaki wazi ilikuwa nyembamba kama uzi. Akaisoma tena. Kumi na nane.

Alirudi akaketi. Alimwambia Nthiwa kwamba anaweza, na kwamba atakuja Jumamosi. Hakumwambia lile lingine, kwa sababu lilikuwa bado halijamkaa vizuri kifuani.

Lile lingine ni hili. Tatu ya baba yake haikuwa hivyo. Kwenye kila ukuta aliopiga picha, tatu ya Jonah Kaloki ilikuwa na kichwa bapa, mstari ulionyooka juu, kisha mshazari wa kushuka, ndipo tumbo la mviringo. Mtu hawezi kuichanganya na nane hata akiwa kwenye lori. Wavinya ndiye aliyeibadilisha. Aliiona ni ya kizamani, imekaa vibaya kati ya nambari nyingine laini kama shangazi wa kijijini katikati ya watoto wa shule. Akaifanya mviringo juu na chini. Alikumbuka hata siku yenyewe, jinsi alivyoridhika.

Ijumaa alifunga duka mapema akaenda Matinyani. Hakujua hasa anaenda kutafuta nini. Alimkuta baba yake ameketi kivulini nyuma ya nyumba akichambua pojo kwenye ungo kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameukalia kidogo chini ya paja ili utulie. Alikuwa amekonda tangu Pasaka. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua ambayo haikuwepo, Wavinya akapika chai, na chai ilipokwisha akatoa simu akamwonyesha picha ya ile kadi, akamsimulia yote.

Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema kwamba zamani, alipokuwa bado kijana wa kazi, aliandika kibao cha gereji moja nje ya Makindu, kilomita zilizobaki kuifikia, tatu na sifuri, na akaiviringa ile tatu kwa madoido. Dereva mmoja aliyekuwa na lori bovu aliisoma themanini, akaona hawezi kufika, akalala njiani na mzigo wa ng'ombe. Ng'ombe wawili walikufa kwa kiu. Mwenye gereji alimfanya aifute na kuiandika upya. Tangu siku hiyo hakuviringa tatu tena.

"Hukuwahi kuniambia, Baba," Wavinya akasema.

"Hukuwahi kuniuliza."

Akaendelea kuchambua pojo. Wavinya akamuuliza kama alipomwonyesha zile herufi mara ya kwanza aliona kwamba tatu imebadilishwa.

"Niliona siku hiyohiyo," mzee akasema. "Ulikuwa umekuja mbio na hiyo kompyuta, umekaa hapo ulipokaa sasa. Ulikuwa na furaha. Mimi mkono wangu ulikuwa ushaniacha, nikajiambia, mwache, hizi sasa ni zake. Nikanyamaza." Akaacha kuchambua. "Nilinyamaza vibaya."

Hapakuwa na wa kumfariji mwenzake. Wavinya alilala Matinyani, na asubuhi mzee alimsindikiza mpaka barabarani, polepole sana, wakisimama kila hatua kumi. Alimuuliza kama ataenda kweli kusimama mbele ya watu wasiomjua aseme kosa ni lake, wakati kuna mwenye printa, na mwenye programu, na daktari mwenyewe aliyebandika stika bila kuitazama jioni. Hakumkataza. Alikuwa tu anataka kujua. Wavinya akajibu kwamba hao wote wapo, lakini tatu ni yake.

Alikuwa amechapisha stika kumi na mbili kabla ya kutoka Sultan Hamud, kwa mashine ndogo ya moto kama ile ya zahanati, herufi zilezile, ukubwa uleule, nambari mbalimbali. Alizibandika kila moja kwenye kipande cha kadi. Nthiwa alimpokea Mtito Andei kwa pikipiki yake, wakaenda kilomita chache ndani kwa njia ya vumbi mpaka kwa Mama Mbinya.

Watu walikuwa wameshakaa, viti vimepangwa kando ya nyumba. Musyimi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, mwenye mvi kando ya kichwa, amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Hakuwa na sura ya ukatili. Alikuwa na sura ya mtu aliyemkuta mama yake chini kwenye ngazi na hajaweza kuiondoa picha hiyo machoni. Pasta Nzioka alikaa karibu naye. Kulikuwa na wanawake watatu wa kanisa. Waithera alikaa mwisho kabisa pembeni ya kaka yake Irungu, shuka amejifunga mpaka kidevuni ingawa kulikuwa na joto, akitazama chini. Mama Mbinya mwenyewe alikuwa kwenye kiti chenye mto, mkono wake ndani ya plasta umewekwa juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine.

Pasta aliomba, kisha Nthiwa akamtambulisha Wavinya kama mwenye kuchora zile herufi za stika. Musyimi akauliza kwa heshima, herufi zinachorwa na mtu kweli? Yeye alidhani zinakuja na kompyuta. Wavinya akasema kila herufi waliyowahi kusoma ilichorwa na mtu mahali fulani, na hizi alizichora yeye. Halafu akasema lile alilokuja kusema. Alisema tatu yake ilichorwa vibaya. Kwenye ukuta mkubwa haina shida, lakini ikifanywa ndogo na kuchapwa kwa wino unaotanuka, inajifunga na kuwa nane. Alisema baba yake alikuwa ameichora vizuri na yeye akaiharibu kwa kutaka ipendeze.

Musyimi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa ile kadi mfukoni, akaiinua juani. "Mimi nimesoma darasa la nane tu," akasema. "Naona kumi na tatu. Pasta anaona kumi na tatu. Huyu msichana aliona nini?"

Wavinya akamwambia kwamba mtu akishaambiwa ni tatu, ataona tatu. Akaomba ruhusa ya Mama Mbinya kuingia jikoni. Ilikuwa jiko la kawaida, nje ya nyumba, kuta nyeusi kwa moshi, kidirisha kimoja kidogo, na kwenye kona chungu chenye mchanga na maji ambamo dawa ilikuwa ikihifadhiwa isipate joto. Alisimama ndani karibu na kile chungu, akawaomba wale wanawake wa kanisa waingie mmoja mmoja na kusoma kadi alizozishika, bila kuambiwa lolote, kisha wamwambie Nthiwa kando ya mlango walichoona.

Wa kwanza, aliyevaa miwani, alisoma zote sawasawa, na Wavinya akazipanga upya zile kadi. Wa pili alisoma kumi na tatu kuwa kumi na nane, na thelathini kuwa themanini. Wa tatu alikosea mbili. Pasta Nzioka aliingia bila kuombwa, akakaa ndani muda mrefu, akatoka na kadi moja mkononi, akasema amesoma ishirini na nane. Nthiwa akaigeuza kadi nyuma, palipoandikwa kwa kalamu, akasoma kwa sauti ya chini: ishirini na tatu.

Musyimi alikataa kuingia. Alikaa kwenye kiti chake, kadi mkononi, akiitazama.

Hapo ndipo Mama Mbinya aliposema. Alisema kwa Kikamba kwanza, kisha kwa Kiswahili ili Waithera na kaka yake wasikie. "Huyu msichana amenidunga sindano mwaka mmoja na nusu. Kila mara alikuwa ananiambia nambari kwa sauti ndio nijue. Ile siku alisema kumi na nane. Nikamuuliza, imepanda? Akasema ndiyo, imeandikwa hivyo, na akarudi kutazama tena. Mtu wa kuua harudi kutazama."

Musyimi akamuuliza, kwa sauti iliyokwaruza, kwa nini hakuyasema hayo mapema.

"Nilikuwa hospitali wewe ukiamua," mama akajibu. "Nilipotoka ulikuwa umemaliza."

Hakukuwa na kilio wala kukumbatiana. Pasta alisema maneno ya kupatanisha. Musyimi akasimama, akasema kesi ya polisi hakuna, akasema kama alikosea basi Mungu anajua ilikuwa kwa uchungu, halafu akaenda kutazama ng'ombe wake, na hakurudi mpaka wageni walipoondoka. Neno samahani halikutoka kinywani mwake siku hiyo. Waithera alimwendea mama mkwe, akapiga magoti, wakashikana mikono, ule mmoja mzima kwa miwili. Lakini jua liliposhuka alipanda gari la Irungu akarudi Mtito Andei. Alipopita karibu na Wavinya alisimama.

"Nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi," akasema. "Hiyo ndiyo iliniumiza." Akaingia garini.

Waliyokubaliana, Nthiwa alieleza baadaye, ni kwamba Waithera atakuja asubuhi na jioni kumdunga mama, na usiku atalala kwa kaka yake mpaka mume wake aje. Baada ya hapo wangeona.

Wavinya alichora tatu upya kwa siku mbili. Haikuwa kazi ngumu, picha za kuta za baba yake bado alikuwa nazo. Akafungua pia midomo ya sita na tisa, akaipa nane kiuno. Akaandika kwenye mtandao kwamba za zamani ni hatari kwa maandishi madogo, watu wachukue mpya. Akawaandikia wale wa mradi wa afya. Walimjibu baada ya wiki mbili, wakamshukuru, wakabadilisha programu yao, wakasema kwamba stika zilizokwisha bandikwa hawana namna ya kuzifikia.

Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote. Mwandishi wa kuta akikosea anarudi na ngazi na kopo la rangi. Hizi zake zilikuwa zimeenda asikojua. Kulikuwa na zahanati kumi na moja upande ule zenye mashine kama ile, na kila moja ilikuwa na wagonjwa wake, wengine wanaishi vilimani ambako pikipiki haifiki. Kwa hivyo alianza kwenda mwenyewe na Nthiwa, Jumamosi baada ya Jumamosi, Kibwezi, Makindu, na vijiji vya ndani ambavyo hakuwa amewahi kusikia majina yake. Alibeba stika mpya kwenye mfuko. Alibandua, akabandika, akamwomba mtu asome kwa sauti. Mara nyingi kadi haikuwa na tatu yoyote na safari ilikuwa ya bure. Mzee mmoja alikataa katakata kadi yake iguswe. Mwingine alikuwa ameshakufa, kwa ugonjwa mwingine, watoto wake walisema, na Wavinya akarudi barabarani bila kuuliza zaidi, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kusikia.

Wateja wake Sultan Hamud walianza kulalamika kwamba duka limefungwa kila Jumamosi. Mgongo ulimuuma kwa pikipiki. Alimpigia baba yake simu kila Jumapili jioni akamtajia walikofika, na mzee alikuwa akiuliza, bado ngapi, naye akimwambia.

Mwezi wa kumi na moja, mvua ilipokuwa imeshaanza kunyesha kidogo, walipita tena kwa Mama Mbinya. Plasta ilikuwa imetolewa. Kifundo kilikuwa kimekaa upande, na vidole viwili havikujikunja vizuri, kwa hivyo kazi yake ya kusuka vyondo, vile vikapu vya katani, ilikuwa imekwisha, ingawa alilisema hilo kama habari ya jirani. Sukari ilikuwa sawa. Nthiwa alipokuwa akimpima presha, mama alimtuma Wavinya achungulie nyuma ya jiko.

Kulikuwa na madumu sita ya maji, ya njano, yamepangwa. Mama Mbinya alisema pale kwenye kioski cha maji watu wanachukuliana madumu kwa sababu yote yanafanana, na kwa vile yeye ndiye fundi wa herufi, amwandikie jina. Kulikuwa na kopo la rangi nyeusi lililobaki baada ya kupaka milango, na brashi ngumu.

Wavinya hakuwa ameshika brashi tangu utotoni. Aliketi kwenye kigoda, akalishika dumu la kwanza katikati ya magoti, akaandika MBINYA. Y ilimwendea kombo. La pili lilikuwa afadhali. Rangi ilikuwa nzito, ikimchuruzika kwenye vidole, na Mama Mbinya alikuja akasimama nyuma yake akimtazama, mkono mbovu ameushika kwa ule mzima.

Alipofika dumu la tano, mama alimwambia asiandike jina lake hapo. "Hilo na hilo la mwisho andika Waithera."

Wavinya akageuka akamuuliza kama Waithera amerudi kukaa.

"Sijui," Mama Mbinya akasema. "Mume wake alikuja, wakaongea na Musyimi, bado wanaongea. Lakini siku akirudi atachota maji na nini?"

Wavinya akachovya brashi. Jina lilikuwa refu, halikutosha upande mmoja wa dumu. Ikabidi alipeleke mpaka kwenye pembe, alizungushe dumu, aendelee upande wa pili, huku Nthiwa akiwa tayari amewasha pikipiki na kumngoja langoni.